Nani aliifanya China izungumze lugha moja?

Ukimsikia mtu akisema Wachina wanazungumza lugha moja iliyodumu miaka 5,000, muulize anamsema Mchina wa wapi. Mtu wa Guangzhou aliyelelewa kwa Kikantoni na mtu wa Shanghai aliyelelewa kwa Kiwu, kila mmoja akishika lugha ya nyumbani kwao, hawaelewani. Ukimleta mtu wa Fujian anayesema Kimin, naye atabaki peke yake. Wataalamu wa isimu huzigawa lugha hizo katika makundi makubwa saba au zaidi: Kimandarini, Kiwu, Kiyue ambacho wengi wanakijua kwa jina la Kikantoni, Kimin, Kihakka, Kixiang na Kigan. Serikali ya China huziita lahaja, lakini msomaji wa Kiswahili asidanganyike na neno hilo. Mtu wa Mombasa na mtu wa Unguja hutaniana kuhusu matamshi, ila wanaelewana tangu salamu ya kwanza. Kati ya Kikantoni na Kimandarini hakuna uelewano wa namna hiyo.

Jambo hili linatuhusu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius, kituo cha kufundishia Kichina, mwaka 2005, ya kwanza barani Afrika, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata ya kwake mwaka 2013. Kijana anayeingia katika madarasa hayo hupewa vitu vitatu kwa mkupuo: Kimandarini sanifu kiitwacho Putonghua, herufi zilizorahisishwa, na pinyin, yaani utaratibu wa kuandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini. Ni rahisi kudhani vyote vimerithiwa kutoka kwa mababu wa kale. Ukweli ni kwamba vyote vitatu vilipitishwa rasmi na serikali kati ya mwaka 1955 na 1958. Bibi zetu wengi walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Hoja yangu ni kwamba umoja wa lugha tunaouona China leo ulijengwa kwa amri, kwa mitihani, kwa kura na kwa mabishano makali, na katika kila hatua kuna watu walioachwa mlangoni. Anayeusifu umoja huo bila kuwataja watu hao anasimulia nusu ya historia.

Maandishi ya kale zaidi ya Kichina tuliyo nayo yalitokana na ramli. Mwaka 1899 Wang Yirong, afisa na msomi wa Beijing, alitambua kwamba alama zilizochongwa kwenye mifupa mikongwe, ambayo wauza dawa waliiita mifupa ya joka, zilikuwa maandishi. Mifupa hiyo ilitoka Anyang, mkoani Henan, palipokuwa makao ya wafalme wa nasaba ya Shang kuanzia yapata mwaka 1250 hadi 1046 KK. Waganga wa mfalme walichukua mfupa wa bega la ng'ombe au gamba la tumboni la kobe, wakauchoma kwa moto hadi ukapasuka, wakausoma ufa, kisha swali na mara nyingine jibu vikachongwa palepale. Waliuliza kuhusu mvua, vita, mavuno, hata jino la mfalme lililomuuma. Ramli moja mashuhuri inahusu ujauzito wa Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, mwanamke aliyeongoza majeshi vitani na ambaye kaburi lake lilifukuliwa mwaka 1976. Siku 31 baada ya ramli alijifungua, na mchongaji akaandika kwamba haikuwa heri: alizaliwa msichana. Hapo tuko mwanzoni kabisa mwa maandishi ya Kichina, na tayari kalamu ina upande.

Kati ya alama zipatazo 4,500 zilizopatikana kwenye mifupa hiyo, ni kama theluthi moja tu ndizo zilizokwisha kusomeka. Jumba la Makumbusho ya Herufi za Kichina lililoko Anyang limeahidi zawadi ya yuani 100,000 kwa atakayefumbua alama moja isiyojulikana na kuthibitisha maana yake.

Baada ya Shang, nchi iligawanyika katika dola zilizopigana kwa karne nyingi, na kila dola ikawa na namna yake ya kuchora herufi. Mwaka 221 KK mfalme wa Qin aliwashinda wote, akajiita mfalme wa kwanza wa China nzima, na waziri wake Li Si akaamuru maandishi ya aina moja kila mahali. Amri hiyo ilitoka pamoja na nyingine: mizani moja, sarafu moja, upana mmoja wa ekseli za magari ya farasi. Watalii humkumbuka mfalme huyo kwa askari wa udongo na kwa ukuta. Mimi naona amri ya maandishi ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko ukuta wowote, kwa sababu ukuta ulivukwa mara nyingi. Wamongolia waliuvuka, Wamanchu wakaingia na kutawala hadi mwaka 1912, na wote hao walipokaa kitini waliendesha ofisi kwa herufi zilezile. Mwaka 213 KK, mtawala huyohuyo aliamuru vitabu vichomwe, vibaki vya tiba, kilimo, ramli na historia ya Qin yenyewe. Kusawazisha na kufuta vilitoka katika ofisi moja, na miaka minane tu ndiyo iliyovitenganisha.

Herufi hizo zinafanyaje kazi? Wengi hudhani ni picha. Zipo chache zenye asili ya picha, kama ya mlima au ya mti, lakini sehemu kubwa mno, zaidi ya nane katika kila kumi, zimeundwa kwa kuunganisha vipande viwili: kimoja hudokeza maana, kingine hudokeza sauti. Herufi ya mama, 妈, ina kipande cha mwanamke upande wa kushoto na cha farasi upande wa kulia. Farasi hana lolote la kufanya na mama. Yumo kwa sababu jina lake ni "ma" na linasaidia kutaja sauti, ingawa toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ni tofauti. Xu Shen, msomi wa nasaba ya Han, alikwisha kulieleza hilo katika kamusi aliyoikamilisha mwaka 100 BK, yenye herufi 9,353 alizozipanga chini ya vichwa 540.

Kutokana na hali hiyo kumezuka dai ninalolisikia mara kwa mara: kwamba kwa kuwa herufi hazifungwi na sauti, Mkantoni na mtu wa Beijing wanaweza kusoma gazeti moja, kila mtu kwa lugha yake. Dai hilo lina nusu ya ukweli. Mkantoni anasoma gazeti hilo kwa sauti za Kikantoni, kweli, lakini anachokisoma ni sarufi na msamiati wa Kimandarini. Angeandika anavyoongea na mama yake nyumbani, mtu wa Beijing angekwama katika sentensi za mwanzo. Hata zamani mambo yalikuwa hivyo, tena kwa ukali zaidi: kwa karne nyingi maandishi rasmi yalikuwa ya Kichina cha kale, ambacho kufikia enzi za nasaba ya Tang, karne ya 7 hadi ya 10, hakikuwa lugha ya mazungumzo ya mtu yeyote. Kilisomwa na kuandikwa China, Korea, Japani na Vietnam, na wasomi wa nchi hizo walikaa meza moja bila mkalimani wakabadilishana mawazo kwa brashi na karatasi. Kwa hiyo herufi ziliwaunganisha waliokuwa wamejifunza lugha ya pili isiyosemwa na yeyote. Mkulima wa Guangdong na mkulima wa Shandong hawakuunganishwa na chochote.

Kilichoifanya lugha hiyo ya karatasi ishike nchi kubwa namna ile ni mtihani. Mitihani ya kuingia utumishi wa serikali ilianza katika nasaba ya Sui, mwishoni mwa karne ya 6 na mwanzoni mwa karne ya 7, ikakomaa wakati wa nasaba ya Song, karne ya 10 hadi ya 13, na ikafutwa mwaka 1905. Ni miaka 1,300 ya mtihani. Sijui taasisi nyingine ya elimu iliyoumba jamii kwa muda mrefu kiasi hicho.

Wasong walichukulia suala la haki kwa uzito unaostahili heshima. Jina la mtahiniwa lilifunikwa kwa karatasi na gundi. Kisha makarani walinakili kila jibu kwa mwandiko wao, ili msahihishaji asitambue mwandiko wa mwanafunzi wake au wa mtoto wa rafiki yake. Hapo ndipo mtoto wa familia isiyo na jina alipopata upenyo wa kumshinda mtoto wa waziri. Kufikia enzi za nasaba za Ming na Qing, zilizotawala kati ya mwaka 1368 na 1912, uwanja wa mitihani wa Nanjing ulikuwa na vijumba zaidi ya 20,000, kila kimoja cha kumtosha mtu mmoja na mbao mbili, moja ya kukalia na moja ya kuandikia, na usiku zote mbili zikawa kitanda. Mtahiniwa alikaa humo siku kadhaa, akapika humo, akalala humo, na mvua ikamkuta humo. Kabla ya kufika hapo alipaswa kuhifadhi vitabu vya Confucius na wafuasi wake, jumla yake zaidi ya herufi 400,000 ukihesabu na zinazojirudia. Waliofaulu daraja la juu kabisa mjini mkuu, kila baada ya miaka mitatu, walikuwa mia mbili au mia tatu hivi kwa nchi nzima.

Kuna tukio moja la mwaka 1397 ambalo ningependa kila mtu anayejadili mgao wa nafasi za vyuo na kazi kimikoa alijue. Matokeo ya mtihani yalipotoka, majina yote hamsini na kitu yalikuwa ya watu wa kusini. Watu wa kaskazini wakalalamika kwamba wamependelewa watu wa upande mmoja. Mfalme Hongwu aliagiza uchunguzi, na waliotumwa kuchunguza wakarudi wakisema usahihishaji ulikuwa wa haki. Mfalme hakukubali. Maafisa kadhaa waliuawa, msahihishaji mkuu Liu Sanwu, mzee wa zaidi ya miaka 80, akapelekwa uhamishoni, na orodha mpya ikatolewa yenye majina 61, yote ya kaskazini. Katika miaka ya 1420 serikali ikaweka mgao rasmi wa nafasi kati ya kusini na kaskazini. Inaelekea wasahihishaji hawakuiba chochote. Kusini kulikuwa na mali, shule na vitabu vingi, na kaskazini kulikuwa kumeharibiwa na vita vya karne mbili. Mtihani uliofunika majina ya watu haukuweza kufunika utajiri wa mahali walikotoka. Mfalme alilielewa jambo hilo upesi kuliko wasomi wake, ingawa alilitatua kwa upanga.

Na hata kwa wale waliofaulu, lugha ya karatasi haikutosha. Mwaka 1728 mfalme Yongzheng alilalamika kwamba maafisa kutoka Fujian na Guangdong wakija mbele yake hawaelewi wanavyotamka. Ilikuwa shida kubwa kiutawala, kwani sheria ilikataza afisa kufanya kazi mkoani kwao. Kila hakimu alikuwa mgeni kwa wananchi aliowahukumu. Mfalme akaamuru shule za kufundisha matamshi sahihi zifunguliwe katika mikoa hiyo miwili. Shule zikafunguliwa, na baada ya muda zikafifia, na watu wa Fujian wakaendelea na Kimin chao.

Sasa niwataje walioachwa nje kabisa. Mwanamke hakuruhusiwa kufanya mtihani, hata awe na akili ya namna gani. Wachache wa familia za wasomi walisomeshwa nyumbani, lakini wasichana wa vijijini hawakufundishwa. Katika wilaya ya Jiangyong, kusini mwa mkoa wa Hunan, wanawake walijitengenezea njia. Walichukua umbo la herufi za kawaida, wakalirefusha na kuliinamisha, wakapata maandishi yao, Nüshu, ambayo kila alama yake ni silabi ya lugha ya pale kijijini. Herufi rasmi zilidai maelfu ya alama; Nüshu ilihitaji mamia machache tu. Waliyaandika kwenye vipepeo vya kujipepea na kwenye vitambaa, na hasa kwenye kijitabu alichopelekewa bibi arusi siku ya tatu baada ya ndoa na mashoga zake walioapizana udugu, kikiwa na nyimbo za kumlilia na kumfariji. Mwanamke alipofariki, mara nyingi vijitabu vyake vilichomwa au kuzikwa naye. Yang Huanyi, aliyehesabiwa kuwa wa mwisho kuyajifunza kwa njia ya asili, alifariki mwaka 2004.

Nüshu inaniambia jambo ambalo wasomi wa Beijing walichelewa mno kulikubali: Kichina kinaweza kuandikwa kwa sauti, na watu wasio na shule wanaweza kujifunza. Wanawake wakulima walithibitisha hilo kabla ya tume yoyote kuteuliwa.

Walioachwa nje wengine walikuwa wanaume, na hao walikuja na silaha. Hong Xiuquan, Mhakka wa Guangdong, alifeli mtihani huko Guangzhou mara nne. Baada ya kufeli mara ya tatu, mwaka 1837, aliugua akaona maono, na miaka michache baadaye akayatafsiri kwamba yeye ni mdogo wake Yesu. Uasi wa Taiping aliouongoza ulianza mwishoni mwa mwaka 1850, ukauteka mji wa Nanjing mwaka 1853, na ulipozimwa mwaka 1864 watu milioni 20 au zaidi walikuwa wamekufa. Sisemi mtihani ndio uliosababisha vita hivyo. Njaa, kodi, afyuni na udhaifu wa watawala Wamanchu vilikuwa na sehemu kubwa. Lakini mfumo unaowafundisha vijana milioni kadhaa kwamba thamani yao iko katika nafasi mia tatu unakaa juu ya hasira nyingi.

Mtihani ulipofutwa mwaka 1905 na utawala wa kifalme ukaanguka miaka saba baadaye, swali likawa wazi: taifa jipya litasema nini? Mwaka 1913 wajumbe wa mikoa walikusanyika Beijing kupiga kura ya matamshi. Walipigia kura herufi moja moja, zaidi ya 6,500, kila mkoa ukiwa na kura moja, utaratibu uliowapa ushindi watu wa kaskazini wenye mikoa mingi. Mkutano ulikuwa mkali. Inasimuliwa kwamba mjumbe wa kusini, Wang Rongbao, alitaja kwa Kishanghai gari la kukokotwa na mtu, na Wang Zhao wa kaskazini akasikia tusi zito la Kimandarini, akakunja mikono ya kanzu akamfukuza. Hatimaye wakatoka na matamshi ya mapatano, ya Beijing kwa sehemu kubwa, na toni moja ya kusini imepachikwa ndani. Mwanaisimu Zhao Yuanren alirekodi matamshi hayo kwenye sahani za santuri ili walimu wayaige, na baadaye alieleza kwamba kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa msemaji pekee wa lugha hiyo ya taifa. Haikufika mbali. Mwaka 1932 kamusi rasmi ikakubali matamshi ya Beijing tupu.

Sisi tulikuwa na mkutano wetu Mombasa mwaka 1928, ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na watu wa Mombasa na Lamu, wenye ushairi wa karne nyingi, hawakuridhika. Ila wetu uliitishwa na serikali za kikoloni. Wachina waligombana wenyewe kwa wenyewe, na naona hiyo ni tofauti kubwa, hata kama aliyeshindwa alishindwa kwa hesabu ya mikoa.

Mapinduzi makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yalitokea kwenye ukurasa. Mwaka 1917 msomi Hu Shi aliandika katika jarida la Vijana Wapya akitaka watu waandike jinsi wanavyosema, waachane na Kichina cha kale. Mwaka 1918 mwandishi Lu Xun akatoa hadithi yake ya mwendawazimu kwa lugha hiyo ya mazungumzo. Mwaka 1920 Wizara ya Elimu ikaagiza vitabu vya shule za msingi viandikwe hivyo. Kwa mara ya kwanza mtoto wa kaskazini angeweza kusoma sentensi na kuitambua kama kitu ambacho mtu angesema. Wapo waliotaka kwenda mbali zaidi na kuzifuta herufi kabisa. Lu Xun mwenyewe aliunga mkono maandishi ya Kilatini katika miaka ya 1930, na Mao Zedong, kiongozi wa Wakomunisti, alimwambia mwandishi wa Kimarekani Edgar Snow mwaka 1936 kwamba hatimaye herufi zitalazimika kuachwa.

Je, ingewezekana? Wengi walisema haiwezekani kwa kuwa Kichina kina maneno mengi mno yanayofanana kwa sauti. Jibu liko Kirigizistani na Kazakhstan. Wakati wa baridi wa mwaka 1877 kuingia 1878, Waislamu wa Kihui waliokimbia kisasi cha jeshi la Qing walivuka milima ya Tian Shan wakaingia dola ya Urusi. Wajukuu wao huitwa Wadungani. Wanasema lugha ya jamii ya Kimandarini, ya Gansu na Shaanxi, yenye maneno ya Kiarabu, Kiajemi na Kirusi ndani yake, na tangu mwaka 1953 wanaiandika kwa herufi za Kisirili, hata bila kuonyesha toni. Wana magazeti, wana mashairi. Ndugu zao waliobaki China walikuwa na maandishi mengine, xiao'erjing, yaani Kichina kwa herufi za Kiarabu, yaliyotumika katika madrasa. Msomaji wa pwani yetu, ambako tenzi za Pate na Lamu ziliandikwa kwa herufi hizohizo, hana haja ya kuelezwa jambo hilo lilivyowezekana.

Kwa hiyo herufi zilibaki kwa uamuzi. Baada ya mwaka 1949, ambapo inakadiriwa watu wanane katika kila kumi hawakujua kusoma, serikali mpya ya Wakomunisti iliunda tume ya kurekebisha maandishi. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa Zhou Youguang, mwanauchumi aliyewahi kufanya kazi ya benki New York na kurudi nyumbani mwaka 1949. Mwaka 1955 alihamishiwa Beijing kwenye kazi ya maandishi, jambo lililomwepusha na msako wa kisiasa wa mwaka 1957 ulioangamiza wanauchumi wenzake, ingawa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, 1966 hadi 1976, naye alipelekwa shamba. Alifariki Januari 2017, siku moja baada ya kutimiza miaka 111. Pinyin aliyosaidia kuiunda ilipitishwa tarehe 11 Februari 1958, na waziri mkuu Zhou Enlai alikuwa amekwisha kutangaza kwamba kazi yake ni kufundishia matamshi, wala haitachukua nafasi ya herufi. Serikali ilijaribu kurahisisha herufi zaidi mwaka 1977. Watu hawakuzikubali, na mwaka 1986 mpango ukafutwa.

Sensa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki asilimia 2.67. Nani apewe sifa? Wengi hutaja herufi zilizorahisishwa. Sikubaliani nao, kwa kuwa Taiwan na Hong Kong walibaki na herufi za zamani, zenye mistari mingi, na watu wao karibu wote wanasoma. Kilichofungua mlango ni shule iliyomfikia kila mtoto, pamoja na lugha ya kitabu iliyosogezwa karibu na mdomo.

Mdomo huo, hata hivyo, ni wa Beijing. Mwaka 2013 Wizara ya Elimu ya China ilisema watu wapatao milioni 400 bado hawawezi kuwasiliana kwa Putonghua. Mwaka 2010 pendekezo la kubadilisha matangazo ya televisheni ya Guangzhou kutoka Kikantoni kwenda Kimandarini liliwatoa watu barabarani. Mwaka 2020 wazazi wa Kimongolia wanaoishi China, ambao lugha yao haina undugu wowote na Kichina, waliwatoa watoto shuleni kupinga kupunguzwa kwa masomo ya lugha yao.

Na sasa simu imegeuza jambo lililodumu miaka 2,000. Zamani mtu wa Fujian aliweza kuandika herufi bila kujua hata sauti moja ya Beijing. Leo watu wengi huchapa kwa pinyin: unaandika sauti, simu inakuletea herufi uchague. Zipo njia nyingine, kama Wubi aliyoibuni Wang Yongmin mwaka 1983 inayofuata mistari ya herufi, lakini pinyin ndiyo inayofundishwa tangu darasa la kwanza. Maana yake ni kwamba ili uandike haraka ni lazima kwanza ujue Putonghua. Yongzheng alifungua shule za matamshi zikamfia. Kibodi imefanikiwa bila amri ya mfalme. Wakati huohuo mkono unasahau. Katika shindano la televisheni la mwaka 2013, kama asilimia 30 tu ya watu wazima waliokuwepo waliweza kuandika kwa mkono herufi za jina la chura mwenye chunjua, neno ambalo kila mtoto analijua.

Mwaka 2015 serikali ilianzisha mradi mkubwa wa kurekodi lahaja na lugha ndogo nchi nzima, kijiji kwa kijiji, wazee wakizungumza mbele ya kamera. Ni kazi nzuri na naiheshimu. Lakini mwaka 2021 wizara hiyohiyo ilitoa mpango wa kueneza Putonghua katika shule za chekechea za vijijini na za maeneo ya makabila madogo, kwa watoto wa miaka mitatu. Siamini mambo hayo mawili yanaweza kuwekwa kwenye mizani moja yakalingana. Kanda inampa mtaalamu wa miaka 100 ijayo kitu cha kuchunguza. Haimpi mtoto wa mji wa Wenzhou leo namna ya kuongea na bibi yake. Serikali iliyoweza kuwafundisha kusoma watu zaidi ya bilioni moja ina uwezo wa kuruhusu lugha mbili katika darasa moja la chekechea, na wataalamu wake wenyewe wanajua jinsi ya kulifanya hilo.